Nani Anaua Nyasi za Uwanja wa Kilima

Nsambya, Kampala
9 Juni 2024

Kaka Oyat,

Nyumba nzima inakusalimu, na sisi ni wazima kiasi cha watu wa umri wetu. Simsim uliyotuma kwa dereva wa basi imefika, ingawa mfuko ulikuwa umefunguliwa na kufungwa tena kwa fundo ambalo si lako. Shangazi Adoch yuko vilevile pale Lubaga. Miguu imemkatalia, mdomo bado. Kila Ijumaa ofisi yangu ya uwanja ikifungwa saa sita nakwenda kumwogesha na kumpikia. Anasema ulipostaafu polisi na kurudi Kitgum ulimuaga kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Na masikio? Binti yako Aryemo ameniambia kwamba sasa hata akikupigia kelele husikii, ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Afadhali karatasi. Nina jambo ambalo sitaki lisemwe kwa sauti.

Uwanja wa Kilima unakufa, kaka. Ule ulioniachia mimi. Kanuni ulizoziandika wewe na wenzako bado ziko ubaoni pale langoni: gari lisiingie, mpira usichezwe nyasi zikiwa na maji, sherehe isifanyike bila kibali, kitu chochote kisitandikwe juu ya nyasi, kila mwaka uwanja upumzike miezi miwili, na anayeharibu apande upya kwa mikono yake. Nazisimamia zote. Mwezi wa tatu nilimnyima kibali hata padri wangu mwenyewe, mvua ilikuwa imenyesha siku nzima. Timu za akina dada zinacheza Jumatano, za wanaume Jumamosi, na kila anayeingia nimemwandika kitabuni.

Lakini tangu Aprili katikati ya uwanja nyasi zinageuka njano, kisha kahawia, kisha zinang'oka zenyewe kama nywele za mgonjwa. Mvua ipo. Wadudu hakuna. Kuna mtu anafanya kitu pale.

Namshuku mwenyekiti wetu Oyugi, yule Mkenya anayeuza vipuri vya malori. Anataka uwanja uwe maegesho, na hafichi. Kwenye kikao alinicheka: "Mama Amito, kanuni zako zinalinda vumbi?" Mwezi wa kumi na mbili kamati itapiga kura. Nyasi zikiwa zimekufa, nani atakuwa na la kutetea?

Wewe ulikuwa mpelelezi. Nianzie wapi? Na jambo moja: kufuli la lango ni lilelile uliloliweka. Mimi nina ufunguo mmoja, Sebit mlinzi ana mmoja. Funguo zilikuwa ngapi?

Mdogo wako,
Amito


Kitgum
23 Juni 2024

Amito, mtoto wa mama yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Huku tunapalilia. Aryemo anafundisha darasa la nne lenye watoto tisini na anarudi bila sauti, kwa hiyo sasa tuko sawa: yeye hasemi, mimi sisikii. Mwambie Shangazi kwamba chumvi bado naitafuta.

Umefanya vizuri kuniandikia. Sasa sikiliza. Usimwambie mtu yeyote kwamba unachunguza. Mtu, nimesema: si Oyugi, si Sebit, si wale akina mama wa kwaya yako. Nunua daftari lisilo la ofisi. Pima kila doa kwa hatua, urefu na upana, uchore. Inama unuse udongo. Mafuta ya gari hayafichiki. Andika siku unayoona doa jipya. Angalia nani anakuja ofisini kukusalimu bila sababu, maana anayekuja bila sababu anayo. Oyugi mwangalie mikono na viatu.

Nyasi zile za majani mapana tulizipanda kwa mkono, mche baada ya mche, mimi na marehemu koplo mwenzangu. Anayeziua ananiua mimi.

Kuhusu funguo, nitakumbuka.

Kaka yako,
Oyat


Nsambya
14 Julai 2024

Kaka Oyat,

Salaam nyingi. Aryemo amefika salama kwa likizo fupi; alilala kwangu siku mbili kisha akaenda Bukoto kwa mama yake. Sikumuuliza kitu kuhusu Teresa. Wewe uliniapia kwamba tangu mlipoachana hamna hata salamu, na mimi tangu matanga ya mama sina haja ya kulitaja jina lake. Mtoto kumwona mama yake ni haki yake, sikumzuia.

Nimefanya ulivyosema. Daftari nalificha ndani ya pipa la unga.

Madoa ni matatu. Si madoa, kaka, ni mistatili. Kila mmoja una hatua tisa kwa sita, na pembe zake zimenyooka kama zimekatwa kwa rula. Nilinusa udongo. Hakuna mafuta. Unanukia sabuni ya unga na jiki, na ukiuweka mkononi unateleza. Basi si magari, na Oyugi hana anachofua zaidi ya suti zake mbili. Bado simwamini, lakini nimemweka pembeni.

Tena, jambo hili. Sebit amekuja mwenyewe kuniambia. Alivua kofia, akasimama mlangoni.

"Mama, Ijumaa nikitoka msikitini nakuta nyasi zimelowa katikati. Mvua haijanyesha."

"Tangu lini?"

"Tangu baada ya Pasaka."

"Na leo ndiyo unasema?"

"Nilidhani ni wewe uliyetoa ruhusa. Lango nalikuta limefungwa vizuri."

Nilimtazama sana. Sebit yuko pale miaka kumi na moja, tangu wakati wako, na kibanda chake kiko ndani ya uwanja. Mtu wa namna hiyo anawezaje kutojua? Nimeweka uzi mwembamba kwenye kufuli, ukikatika nijue.

Hujanijibu kuhusu funguo.

Amito


Kitgum
1 Septemba 2024

Amito,

Usinune kwa kukawia kwangu. Malaria ilinilaza, kisha mavuno, kisha basi moja likaharibika njiani na mizigo yake yote. Sisi hatujambo. Mtama umekubali mwaka huu.

Nimefikiri sana kuhusu mistatili yako. Kazini tulimwangalia kwanza yule anayeleta maelezo kabla hajaulizwa. Sebit amekuja mwenyewe, amekutajia siku, amekutajia maji, amekutajia hata lango. Kwa nini? Mlinzi anakaa ndani ya uwanja. Anaweza kuwaruhusu watu wafue mazulia na kuyaanika pale, kisha akajifanya ameshangaa. Ijumaa ni siku nzuri kwake kwa sababu kila mtu anajua yuko msikitini, na nani amewahi kuhakikisha kwamba yuko msikitini?

Sisemi ni yeye. Nasema tu usitafute mbali.

Mpe Shangazi salamu. Mwambie nimempelekea asali.

Oyat


Nsambya
29 Septemba 2024

Kaka,

Shangazi ameipata asali na amesema ni ya mwaka jana. Sisi tupo.

Nimefanya jambo, nakuandikia kama lilivyo. Ile barua yako niliisoma Jumanne, Alhamisi nikaipeleka hoja kwa kamati. Sikukutaja. Nilisema wenye ufunguo ni mimi na Sebit, mimi Ijumaa mchana niko Lubaga, kwa hiyo amebaki mmoja. Walimwita. Sebit hakupiga kelele. Alisema, "Mimi nimekwambia mwenyewe. Kama ningekuwa nauza nyasi, ningekwambia?" Oyugi akajibu kwamba wezi wengi huripoti. Watu wakacheka. Tukaandika tangazo, tukalibandika ubaoni palepale chini ya kanuni: *Mlinzi Sebit ameachishwa kazi kwa kukiuka kanuni za uwanja.* Mwandiko ni wangu. Siku ileile alitoa godoro lake kibandani, na mkewe akaja kubeba sufuria. Mkewe hakunisalimu, nami sikuinua macho.

Hiyo ilikuwa tarehe kumi na mbili. Ijumaa ya tarehe ishirini uzi wangu kwenye kufuli ulikatika. Nyasi zilikuwa zimelowa. Ijumaa iliyopita, tena. Na Sebit sasa anapakia mkaa upande wa pili wa mji, ufunguo wake uko kwenye droo yangu.

Nimetoa barua zako zote nikazipanga mezani. Unajibu kila ninachouliza, isipokuwa kimoja. Nilipokutumia vipimo ulikaa wiki saba kimya, wewe ambaye barua ya kwanza uliijibu kabla wino haujakauka. Aryemo alipopita hapa tena katikati ya mwezi huu, nilimuuliza kuhusu malaria yako. Alisema, "Malaria gani?"

Kaka, funguo zilikuwa ngapi?

Amito


Kitgum
20 Oktoba 2024

Amito,

Salamu. Daraja la Karuma limefungwa kwa matengenezo, mabasi yanazunguka kwa Pakwach na Masindi, ndiyo sababu ya kuchelewa.

Nimesikitika kuhusu Sebit. Mimi sikusema afukuzwe.

Badilisha kufuli, jambo liishe. Mwenye mahema yake atatafuta pa kuanikia kwingine na nyasi zitarudi zenyewe. Usiache kwenda kwa Shangazi ili ukae kuvizia watu, umri huo umepita.

Oyat


Nsambya
10 Novemba 2024

Bwana Oyat,

Shangazi yuko salama. Nami niko salama.

Mimi nilikuandikia mistatili. Nilikuandikia sabuni. Mazulia uliyataja wewe. Mahema sikuwahi kuyaandika, kwa sababu sikuyajua. Nimezisoma nakala zangu kuanzia ya kwanza, neno hilo halimo.

Sikubadilisha kufuli. Ijumaa nilimwomba jirani aende Lubaga badala yangu, nikakaa ndani ya duka la mshona nguo linalotazama lango, nyuma ya magauni yaliyotundikwa. Saa saba kasorobo, adhana imekwisha, pikapu ndogo ilisimama. Mwanamke akashuka, akatoa ufunguo kwenye mkoba wake, akafungua kama anafungua nyumba yake. Yeye na vijana wawili wa kubeba walishusha mahema matatu, meupe yenye pindo la buluu, yakichuruzika maji, wakayatandika katikati ya uwanja. Alikuwa ni Teresa. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya sura.

Nilivuka barabara. Sikukimbia.

"Teresa."

Aligeuka akanitazama kidogo. Kisha akawaambia wale vijana wakasubiri kwenye gari.

"Najua kanuni," akasema. "Ninayafulia pale Bukoto, kwenye ghorofa. Hakuna ua, na kila Jumamosi yanatakiwa kwenye harusi au sherehe ya utambulisho."

"Kanuni unaijua na bado unatandika?"

"Oyat aliniambia saa moja au mbili haziwezi kuua nyasi. Alinipa ufunguo akiwa anaondoka, miaka mitatu sasa. Mwanzoni nilikuwa na mahema madogo, nayaanika mara moja moja pale kwenye changarawe. Mwaka huu kazi imekua, nimeingia nayo ndani."

"Ukingo wa changarawe unaruhusiwa kwa kibali. Ungekuja kuomba, ningekupa."

"Ningeomba kwa nani? Dirishani unakaa wewe." Sauti yake haikupanda. "Kwenye matanga ya mama yenu ulinivua kitambaa kichwani mbele ya watu, ukasema nisikanyage tena mlango wako. Ofisi yako nayo ina mlango, dada."

Nilimuuliza, "Sebit unamjua?"

"Kwa jina simjui. Nani?"

"Mlinzi. Tumemfukuza kwa ajili ya haya."

Teresa aliketi palepale juu ya hema lililolowa, na sketi yake ikanyonya maji. Akasema, "Hakuna aliyeniambia." Kisha akauliza kama Sebit ana watoto. Nikamwambia wanne.

Sasa naandika kwa mtu aliyewahi kunifundisha kuendesha baiskeli uani kwenye kambi ya polisi, akikimbia nyuma ameshika kiti. Ulijua tangu vipimo. Uliniacha nimwondoe mtu nyumbani kwake kwa mkono wangu, na barua yako ndiyo iliyonipa maneno. Kikao cha kura ni tarehe kumi na nne Desemba. Andika au usiandike. Mimi nitasema ninachojua.

Amito Saverio


Kitgum
24 Novemba 2024

Amito,

Sijui kama bado naruhusiwa kukuita mdogo wangu, basi naanza na jina.

Funguo zilikuwa tatu.

Uliponiuliza mara ya kwanza sikujua ni nini kinachoua nyasi. Nilikwepa kwa aibu tu, kwa sababu nilikuapia kwamba mimi na Teresa hatuna salamu, na haikuwa kweli. Tuliachana kitanda, hatukuachana maneno. Ananiandikia, namwandikia. Aryemo ndiye mbeba barua. Niliwaficha ninyi wote kwa sababu siku ile ya matanga nilikuwepo. Ulipomvua kitambaa nilikuwa nimesimama hatua nne nyuma yake, na sikufungua mdomo. Wewe ulimshuku kwamba ndiye aliyemchelewesha mama kwenda hospitali. Amito, aliyesema tungoje asubuhi ni mimi. Teresa alikuwa amekwisha kumvika mama viatu. Nilimwacha abebe lawama hiyo, na mwaka uliofuata tukaachana, na mimi nikajiambia ni mambo mengine.

Ulipoandika hatua tisa kwa sita, nilijua. Mahema yale tuliyashona mimi na yeye chumbani kambini, mimi nikishika kitambaa, yeye akisukuma cherehani. Nilipima kwa hatua zangu mwenyewe. Wiki saba sikuwa na malaria. Nilikuwa namwandikia Teresa barua ya kumkataza na kuichana, kwa sababu ningelazimika kumwambia kwamba nimemdanganya kuhusu nyasi, na kukwambia wewe kwamba nimekudanganya kuhusu yeye. Kisha nikaona jina la Sebit kwenye barua yako. Lilikuwa karibu. Nililichukua.

Nilikuwa askari miaka ishirini na saba. Nimeona wenzangu wakifanya hivyo kwa watu, kumchukua aliye karibu, na nikajiona mimi si kama wao.

Nimeandika karatasi nyingine, imo ndani ya bahasha hii, imeelekezwa kwa kamati. Imetaja kila kitu, ufunguo, tarehe, na kwamba Sebit hakuhusika. Nimeisaini kwa cheo na namba yangu ya zamani. Isome yote. Usiruke mahali popote kwa ajili ya kunilinda.

Oyat


Nsambya
15 Desemba 2024

Oyat,

Nilisoma karatasi yako jana mbele ya watu thelathini na kitu. Sikuruka. Nilipomaliza ya kwako niliongeza ya kwangu: kwamba sikumfuata Sebit msikitini kuuliza, sikumuuliza imamu, sikumuuliza mtu yeyote, na kwamba tangazo lile niliandika mimi. Kuhusu matanga sikusema kwenye kikao, hilo halikuwa lao. Nilikwenda kulisema Bukoto, siku mbili kabla. Teresa alinifungulia, akanipa chai, akanisikiliza hadi mwisho. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kunywa, inapoa."

Oyugi ndiye aliyenishangaza. Nilitegemea afurahi. Alisimama akasema, "Mimi nilitaka maegesho na nilisema mchana kweupe. Ninyi mlitaka nyasi, mkafichana. Sasa leo mnataka nipige kura upande gani?" Kisha akapiga kura uwanja ubaki, na akaongeza sharti: ufungwe mpaka mvua za Aprili, na walioharibu wapande upya kwa mikono yao, kama kanuni ya mwisho inavyosema. Kanuni hiyo ni yako. Kura zikawa tisa kwa nne.

Sebit tulimwita. Alisimama nyuma karibu na mlango, na nguo za mkaa. Mwenyekiti akamwambia kazi yake ipo, kibanda chake kipo. Alisema tu, "Andikeni palepale mlipoandika mara ya kwanza. Likae siku zilezile." Akatoka. Nimehesabu: lile tangazo lilikaa siku tisini na tatu kabla sijalitoa jana. La sasa liko ubaoni tangu leo asubuhi, kwa mwandiko wangu, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa.

Teresa amekuja dirishani na ameomba kibali cha ukingo wa changarawe. Nimempa, ila aanike Jumatatu.

Aprili uje. Mahali pa kulala utapata kwangu, sitasema zaidi ya hapo.

Amito


Kitgum
19 Januari 2025

Amito,

Nitakuja. Nitakuja na jembe langu mwenyewe.

Oyat


Nsambya
25 Mei 2025

Kaka Oyat,

Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Shangazi Adoch anasema umezeeka vizuri kuliko alivyotegemea, na kwamba ile siku uliyomwogesha miguu ulitumia maji ya moto mno. Aryemo alifika na barua yako fupi na mbegu za mboga. Asante.

Uliniuliza uwanja ukoje. Miche imeshika, karibu yote. Zile safu mbili ulizozipanda wewe siku ya kwanza, kabla Sebit hajaja, zimekufa nusu, ulizifukia sana. Lakini tangu pale Sebit alipopiga magoti siku ya tatu, bila kuitwa, akang'oa mche wako na kuupanda upya ili wewe na Teresa muone kina kinachotakiwa, kila kilichofuata kimeota. Tumefungua upande wa bonde kwa akina dada wa Jumatano, kwa viatu laini tu. Katikati bado nimefunga kamba.

Nilikuahidi kukuandikia kuhusu Sebit, na nimekawia kwa sababu sikutaka kuandika. Amekataa kazi. Nilikwenda kwake mwenyewe, na barua ya kamati na muhuri. Aliniketisha vizuri. Mkewe akaniletea maji. Akasema kuna shule huko Arua inataka mtu wa kutunza kiwanja chao, anaondoka mwisho wa mwezi.

Nikamwambia, "Sebit, kila mtu sasa anajua ukweli. Ubao umesema."

"Najua, Mama. Nimeusoma."

"Basi kwa nini?"

Alifikiri. "Nikirudi, siku nyasi zikikauka tena, hata kwa jua, mtaniangalia kwanza mimi. Hamtataka, lakini mtaniangalia."

Nilitaka kubisha, kaka. Lakini asubuhi ileile nilikuwa nimeona doa la njano karibu na goli, na kabla sijajua ni mkojo wa mbwa nilikuwa nimekwisha kujiuliza nani amelala kibandani.

Ameondoka juzi Ijumaa kwa basi la asubuhi, yeye na mkewe na watoto wanne. Kamati haijapata mlinzi mwingine. Kwa sasa ninamwagilia mimi, kabla ya ofisi, na Teresa ananisaidia siku anazoleta mahema. Watu wanaopita langoni wananiuliza, "Mama, mzee Sebit yuko wapi?" Wengi hawakusoma ubao, au wamesahau. Mwanzoni nilikuwa nawajibu kwamba amepata kazi nzuri Arua. Tangu jana nimeacha. Nafunga maji, nawatazama, nawaambia tulimfukuza bure.

Dada yako,
Amito